Kikaratasi Sikioni mwa Fundi

Ukimpelekea kitambaa na lesi, nguo atakupa na lesi atakurudishia. Lesi utaikuta imefungwa katika kipande cha gazeti, kimekunjwa kama cha njugu, bila maelezo wala samahani. Ukimuuliza, atakujibu huku anakata uzi kwa meno ya pembeni:

"Haikuwa na pa kukaa."

Ndiyo jawabu yake kwa miaka yote niliyomjua. Puleki, zari, ushanga, utepe wa hariri, vyote havikuwa na pa kukaa. Mtu anapeleka kitambaa cha sikukuu na vikorokoro vya kujaza sinia, anarudi na kanzu iliyonyooka, haina hata ua, na pakiti ya gazeti kwapani. Siku ya kwanza anatukana. Siku ya pili anaivaa ajaribu tu. Siku ya tatu wenzake wanamsimamisha njiani, wanamuuliza kafanya nini, mbona kapendeza, na mwenyewe hajui aonyeshe wapi kwa kidole.

Sisi wanawake wa Mkunazini tulimwita Fundi, basi. Kwao wapi, mtoto wa nani, aliolewa akaachwa au hakuolewa kabisa, hayo sikuyauliza wakati wake, na leo hakuna wa kumuuliza. Waliomjua wengi wamekufa, wengine wamevuka bahari, na katika kichochoro kile nimebaki mimi. Si msomi. Kurani nilihitimu, skuli nilikaa madarasa matatu, nikatolewa nikapike. Lakini niliyoyaona nimeyaona, na waliofanya nitawataja.

Chumba chake kilikuwa chini, katika nyumba ya ghorofa mbili, na mlango wa nyumba ile ulikuwa umechongwa kupita yote ya kichochoro chetu: maua, minyororo, samaki, na misumari ya shaba iliyochongoka. Nyuma yake alikaa mtu asiyetaka hata utepe. Siku moja nikamtania.

"Fundi, unatukataza mapambo, na wewe unalala nyuma ya hili dude."

"Mlango si wangu. Mimi nimepanga chumba."

"Lakini unapita hapo kila siku."

"Napita mbio," akasema, wala hakucheka.

Ndani mlikuwa na cherehani ya mkono, mkeka, kitanda, na bati la biskuti. Kuta za nyumba zetu zina vidaka, na kila mwanamke wa mjini alivijaza sahani za maua na vioo na birika za kutazamwa. Vidaka vya Fundi vilikuwa vitupu, vimepakwa chokaa. Ukikaa mle kwa muda unaona kama macho yako yameoshwa. Mimi nilipapenda. Nilikuwa nakwenda hata sina nguo ya kushona, nakaa kizingitini namtazama anakata. Mazungumzo yake yalikuwa haba. Unaweza ukakaa tangu adhuhuri mpaka alasiri ukaambiwa maneno matano, mawili katika hayo yakiwa "sogea kidogo."

Mwenyewe alikuwa na buibui moja na kanga mbili zilizofifia hata maandishi hayasomeki. Shingo tupu, mikono mitupu. Ila masikio.

Masikio yake yalitogwa kwa mtindo wa wazee, ndewe zikatanuliwa mpaka kidole kinapita. Wenziwe wa umri ule walitia majasi ya fedha, au karatasi za rangi zilizosokotwa. Fundi alitia vipimo vyetu. Hakujua kuandika tarakimu. Akikupima, anachukua kikaratasi kirefu, anakizungusha kifuani anakata pengo dogo kwa mkasi, kiunoni pengo jingine, urefu, mkono, bega. Kisha anakisokota, anakitia ndeweni. Kikaratasi chako kinakaa mle muda wote wa kazi. Na kwa Fundi kazi haikwishi siku ya kukukabidhi nguo. Inakwisha siku atakayokuona unapita nayo njiani. Hapo ndipo anapokitoa sikioni akakitia katika bati la biskuti.

"Mpaka niione inatembea," alikuwa akisema. "Ikilala sandukuni, sijashona kitu."

Tukaufanya msemo wetu. Mwenzio akikuuliza, "Shoga, nguo ya Idd i wapi?" unamjibu, "Bado nimo sikioni." Tunacheka.

Vikaratasi vingi alivikata katika magazeti. Vichache alivikata katika karatasi nyekundu ya pakiti ya chai. Ilinichukua muda kutambua kuwa chekundu hakikutoka ovyo. Kilikuwa cha wale aliowapenda. Nilipomwambia hivyo akaudhika.

"Karatasi ni karatasi."

"Mbona basi umeisokota wekundu ukakaa nje?"

Akazungusha mkono wa cherehani. Ndilo pambo pekee nililopata kumwona nalo, na hakulikubali.

Changu kilikuwa chekundu. Na kilikuwa na pengo moja zaidi ya vya wenzangu, kwa sababu bega langu la kushoto limeshuka tangu nilipoanguka ngazini utotoni. Mafundi wengine hawakuliona, au waliliona wakalificha kwa marinda. Fundi alilishika siku ya kwanza akasema, "Hili tutalipa haki yake," akakata pengo. Tangu siku ile nguo zake juu yangu hazikuvutika upande. Watu wakadhani bega limepona.

Msidhani alikuwa na sheria moja kwa watu wote. Palikuwa na mjane mmoja mfua nguo, akaja na kitambaa chepesi cha kumshonea bintiye, cha bei ya chini kabisa. Fundi akaenda akafukua mabaki yake yote chini ya kitanda, akamtilia yule msichana marinda safu tatu na kola iliyotariziwa. Sikuamini.

"Mimi lesi yangu umenirudishia, yule umempa marinda matatu?"

"Yule hana kelele hata moja mwilini. Wewe unapiga kelele shingoni, mikononi na puani. Nikuongeze nyingine ya nini?"

Sikukuu alikuwa akienda Mnazi Mmoja kama watu wote, lakini si kwa pembea wala kwa halua. Alikwenda kuziona nguo zake. Anakaa pembeni, juu ya jiwe, ndani ya buibui lile lile, masikio yamejaa vikaratasi pomoni. Kila nguo yake ikipita anatoa kimoja anakitia mkobani. Jua likishuka ndewe zake ni tupu, zinaning'inia, naye anasimama anakung'uta vumbi, anarudi nyumbani. Hakuna aliyekaa naye. Nani akae siku ya Idd karibu na buibui lililopauka? Nilimwona miaka minne mfululizo. Nilimpungia mkono. Kukaa, sikukaa.

Sasa nitaje.

Miaka ile ya hamsini mji ulikuwa umepata wazimu wa nguo. Picha za Bombei na za Misri zilikuwa zikionyeshwa senema, na kila alichovaa mwanamke wa kwenye picha usiku, mjini kilitafutwa asubuhi. Vyama vya ngoma vya wanawake vilishindana kwa sare: wenzenu wakitoka na puleki mstari mmoja, nyinyi mtoke na mitatu. Walioongoza vurugu hiyo upande wetu walikuwa wengi, lakini aliyekuwa na ulimi ni Zuwena wa Kiponda, mkubwa wa chama chao. Mwanamke huyo akivaa, alikuwa akisikika kabla hajaonekana.

Wa pili ni Bi Ruzuna wa mtaa wa Malindi. Huyu alikuwa mama wa Nasor, na Nasor ndiye aliyenichumbia.

Nguo ya harusi nilitaka anishonee Fundi. Mabiharusi wa mtaa wetu walikuwa wakimpa nguo za kushindia, lakini ya siku ya kutolewa nje waliipeleka kwa mafundi wa Darajani. Mpaka nywele zake zimekuwa nyeupe, alikuwa hajapata kumvisha biharusi. Nilipompelekea atlasi, hariri ya rangi ya maziwa, aliiweka juu ya mkeka, akatoka akaenda kunawa mikono. Alirudi akanawa tena.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nna hakika, Fundi."

"Ukweni hawatosema?"

"Waseme."

Akakata karatasi mpya nyekundu, akanipima upya ijapokuwa vipimo vyangu alikuwa navyo. Akakisokota, akakitia sikio la kulia.

Nguo ile sijui niieleze vipi. Haikuwa na kitu. Ilianza shingoni ikateremka mpaka miguuni kama imemiminwa, na mabega yangu yote mawili yalikuwa sawa. Nilipojitazama kwenye kioo cha jirani nilijiona mimi, si nguo. Sikupata kujiona vile tena. Fundi alisimama nyuma yangu, akasema, "Siku hiyo ntakuja." Yeye, ambaye hakuwa akihudhuria harusi.

Katika mtaa wetu, biharusi akishatolewa na kukalishwa mbele ya wanawake, somo wake, yule mwanamke aliyemfunda na kumpamba, huuliza kwa sauti: "Kavishwa na nani?" Biharusi hasemi, macho yake chini. Somo anainama, biharusi anamnong'oneza jina, na somo ndiye anayelitangaza. Fundi aliyetajwa husimama, akapigiwa vigelegele, akamwagiwa marashi, akatandikwa kanga mpya mabegani. Kwa mshoni, hiyo ndiyo siku yake. Fundi alikuwa anaijua desturi hiyo kama sisi sote.

Siku tatu kabla, Bi Ruzuna alikuja kukagua mavazi, kafuatana na Zuwena. Nguo ikafunuliwa. Bi Ruzuna akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma.

"Iliyobaki iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, mama," nikasema.

"Mimi namuoza mwanangu mbele ya Malindi nzima. Unataka waseme tumekuokota?"

Zuwena akashika pindo kwa vidole viwili. "Bi Ruzuna, usimwonee mtoto wa watu. Sanda hii imekamilika. Imebaki pamba tu."

Wakacheka wote, hata shangazi zangu. Walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Nami, Mungu ananisikia, nikacheka pia, ili nisiwe peke yangu nisiyecheka.

Usiku ule na siku mbili zilizofuata tulikaa na somo wangu tukaipachika ile nguo kila kilichopatikana. Puleki kifuani, zari mikononi, lesi shingoni na pindoni. Nyingine katika lesi hizo ni zile alizonirudishia mwenyewe, zilikuwa bado katika vipande vyake vya gazeti. Tulishona haraka, kwa sindano nene.

Siku ikafika. Alasiri, ua umejaa, udi umetanda, mimi juu ya kiti na dhahabu ya kuazima imeniinamisha shingo. Macho yangu yalikuwa chini, lakini chini ya kope mtu anaona. Fundi alikuwa karibu na mlango. Buibui lile lile, limefuliwa. Sikio la kulia, kile kikaratasi chekundu. Aliitazama nguo, na sidhani kama alihitaji kutazama mara mbili. Ya kwake ilikuwa humo ndani, imezikwa.

Somo akauliza, "Haya, biharusi wetu kavishwa na nani?"

Na Fundi akanyanyuka. Hata baada ya kuona yote yale, alinyanyuka. Alishafika nusu, mkono mmoja ukutani, wakati somo ananiinamia.

Zuwena alikuwa kakaa mstari wa mbele, kaweka kichwa upande, anangoja. Bi Ruzuna yuko kulia kwangu. Nikanong'ona, "Sema imetoka Bombei."

"Imetoka Bombei," somo akatangaza, na vigelegele vikapanda.

Fundi hakurudi kukaa. Alimalizia kunyanyuka, akatengeneza buibui kichwani kama mtu ambaye tangu mwanzo alikuwa anataka kuondoka, akatoka. Hakuna aliyemtazama ila mimi.

Basi hao ndio niliosema nitawataja. Zuwena wa Kiponda, ambaye lile neno la sanda alikwenda nalo katika kila ngoma, wakalitungia kijembe, na wanawake wakaogopa kuvikwa na fundi wa sanda. Bi Ruzuna wa Malindi, ambaye dhahabu yake aliichukua asubuhi ya pili hata sijajua kuifungua. Na mimi. Wao walimsema. Mimi ndiye niliyeulizwa jina lake nikalimeza.

Ndoa ilidumu miaka mitatu. Nasor akaoa mwingine, na mimi nikarudishwa kwetu na sanduku langu. Wanawake waliocheka nami siku ile hawakuja kunitazama. Nilikuwa na nafasi nyingi, mchana mrefu, na ile nguo. Nikaanza kuifumua. Puleki moja moja, lesi shubiri kwa shubiri. Ilinichukua mwezi wote wa mfungo sita. Atlasi ikabaki tupu kama alivyoishona, ila kila palipopita sindano yetu pana tundu. Ukiinyanyua kwenye mwanga inaonekana kama imeliwa na wadudu.

Fundi sikuwa nimekutana naye tangu harusi. Alipokuwa akipita njia hii, mimi napita ile. Mwaka ule wa mwisho wa ndoa nilimchungulia Mnazi Mmoja kwa mbali, kakaa juu ya jiwe lake. Nguo yake hata moja haikupita. Siku hizo watu walishaanza kuulizana nguo hii ni ya chama gani, na ya Fundi haikuwa ya chama chochote.

Nikaikunja nguo, nikenda.

"Hodi, Fundi."

"Karibu. Nani?"

Nikajua kuwa haoni. Mlango ulikuwa wazi na mwanga umenipiga usoni.

"Shikamoo. Ni mimi." Nikataja jina langu.

"Marahaba. Kaa. Cherehani imekwenda, pana nafasi."

Kweli haikuwapo. Chumba kilikuwa na mkeka, kitanda na bati. Alikuwa amekaa na mikono mapajani, wala sikuwahi kuiona mikono ile imekaa. Macho yalikuwa na utando mweupe. Sikio la kushoto lilikuwa tupu. La kulia lilikuwa na kikaratasi kimoja, kimechakaa, wekundu umekuwa rangi ya kutu.

Nikamwekea nguo mapajani. Aliishika tu akaijua. Vidole vilikwenda moja kwa moja kwenye bega la kushoto, vikatulia, kisha vikaanza kutembea kifuani, mikononi, pindoni. Vilikuwa vinasoma matundu.

"Mmetumia sindano ya magunia," akasema.

"Nimevifumua vyote, Fundi. Hakuna kilichobaki."

"Naona."

"Yataziba? Nikiifua kwa maji moto nikapiga pasi?"

"Pamba ingeziba. Hii ni atlasi."

Nikataka kusema lile nililokwenda kulisema. Nilikuwa nimelipanga njia nzima tangu kwetu. Nikasema, "Fundi, siku ile..."

"Siku ile nilikuwapo," akasema. "Usinisimulie."

Nje mtu alipita anauza kahawa, anagonganisha vikombe, akaenda zake. Nikamuuliza kile kikaratasi ni cha nani, ijapokuwa nilikuwa nakijua.

"Cha nguo ambayo sijaiona inatembea. Harusini ilitembea nyingine."

"Basi niivae sasa," nikasema. "Niivae hapa hapa, uipapase."

Alitikisa kichwa polepole. "Nguo haipapaswi, mwanangu. Nguo inatazamwa ikipita. Nilikungoja wakati macho yapo."

Akapandisha mkono, akakitoa kikaratasi ndeweni. Kilikuwa kimeshika umbo la tundu, kikatoka kwa shida. Akapapasa chini ya mkeka akapata kipande cha gazeti, akakifunga taratibu, ncha hii, ncha ile, kama alivyokuwa akifunga lesi zetu. Akaninyooshea.

"Chukua. Hakikuwa na pa kukaa."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Nilitoka kwa ule mlango mkubwa na nguo mkononi. Kichochoroni nikafungua gazeti, nikakikunjua kikaratasi. Mapengo yote yapo, na lile la bega limo. Nikajipima kiunoni palepale, nimeegemea ukuta: pengo la kiuno halikufika. Nikakisokota kama alivyokisokota yeye, wekundu nje, nikakitia sikioni.

Masikio yangu yalitogwa kwa mtindo mpya, tundu la herini, sindano tu inapita. Kikaanguka. Nikakiokota nikakikaza zaidi, nikajaribu sikio la pili. Mwanamke mmoja alipita akanitazama, akaongeza mwendo. Kikaanguka tena.